Namna ya Kupamba Jikoni kwa Sikukuu ya Pasaka

Sebule hupambwa ikaachwa, lakini jikoni hupambwa huku mapishi yakiendelea. Mvuke wa sufuria hulegeza karatasi zilizobandikwa ukutani, mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango hutua juu ya kila kilicho karibu, na mtu mwenye sinia la moto mikononi hana nafasi ya kukwepa sungura wa udongo aliyewekwa katikati ya meza ya kukatia mboga. Kwa sababu hiyo hatua zote zinazofuata zinategemea kanuni moja: mapambo yakae pale ambapo mikono ya mpishi haina shughuli, yaani dirishani, juu ya makabati, kwenye milango na katikati ya meza ya kulia, na sehemu za kazi ziachwe wazi kama zilivyo siku zote. Anayeshika kanuni hiyo hatalazimika kuyaondoa mapambo yake asubuhi ya sikukuu, saa ambayo jikoni huwa na kazi kuliko siku nyingine yoyote ya majira ya machipuko.

Hatua ya kwanza: kuangalia kalenda

Pasaka ni sikukuu inayohama, na maandalizi huhama pamoja nayo. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 uliamua kwamba Wakristo wote waiadhimishe siku moja, na kanuni iliyokuja kukubalika ni kwamba huangukia Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au wa baada ya hapo. Kwa Makanisa ya Magharibi, basi, haiwezi kuwa kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Makanisa mengi ya Kiorthodoksi hupiga hesabu hiyo kwa kalenda ya Julius, ile ya kale iliyo nyuma ya kalenda ya kawaida, ndiyo maana Pasaka yao mara nyingi huchelewa, ingawa mwaka 2025 zote mbili ziliangukia tarehe 20 Aprili.

Tofauti ya zaidi ya mwezi mmoja kati ya Pasaka inayowahi na inayochelewa ina maana kubwa kwa anayepamba kwa vitu vinavyoota. Pasaka ikiwahi, matawi ya nje yanaweza kuwa bado yamefumba macho yake, yaani vichipukizi vya maua, na itakubidi uyalazimishe kuchanua ndani ya nyumba. Ikichelewa, utayakata yakiwa yameshajaa maua. Chukua tarehe ya Jumapili yenyewe kisha uhesabu kurudi nyuma: matawi yanahitaji wiki mbili hadi tatu, ngano ya kuotesha inahitaji siku kumi hivi, mayai yanaweza kusubiri hadi siku chache kabla, na maua ya kukata yawe ya mwisho kabisa.

Hatua ya pili: kuondoa kabla ya kuongeza

Hakuna pambo litakaloonekana juu ya kaunta iliyojaa chupa za mafuta, bili za umeme na kikapu cha vitu visivyo na mahali pake. Ondoa vyote, kisha upanguse milango ya makabati, hasa sehemu ya juu karibu na jiko ambako mafuta na vumbi huwa vimeshikamana. Maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo yanatosha kwa sehemu nyingi. Siki hukata ukungu wa vioo vizuri, lakini isiguse marumaru, kwa kuwa asidi yake hula jiwe hilo na kuacha madoa yasiyotoka. Dirisha ndilo la kusafishwa kwa bidii kuliko kitu kingine chochote. Nusu ya uzuri wa mapambo ya msimu huu hutokana na mwanga unaopita katikati yake, na kioo chenye ukungu huharibu kazi yote.

Hatua ya tatu: kuchagua rangi chache

Rangi mbili zinatosha, na ya tatu iwe ya kutilia nakshi tu. Kijani kichanga, njano hafifu na nyeupe hukubaliana na karibu kila jiko, kwa sababu ndizo rangi za machipukizi yenyewe. Anayependa kufuata mwendo wa Kanisa anaweza kuanza na zambarau, ambayo ndiyo rangi ya Kwaresima, na kuibadilisha usiku wa kuamkia Jumapili kwa nyeupe au dhahabu, ambazo ndizo rangi za Pasaka. Kubadilisha kitambaa cha meza na taulo mbili za vyombo kunatosha kuifanya asubuhi ile ionekane tofauti na siku zilizotangulia. Kinachofaa kuepukwa ni kuchanganya waridi, buluu, njano, kijani na zambarau zote kwa kipimo sawa, kwani jikoni tayari kuna rangi za vyakula, za vyombo na za maboksi, na macho hukosa pa kutulia.

Hatua ya nne: mayai

Yai limekuwa alama ya Pasaka kwa sababu ya imani na pia kwa sababu ya ghala la chakula. Kwa karne nyingi Wakristo walikatazwa kula mayai wakati wa Kwaresima, lakini kuku hawakufunga. Mayai yalirundikana, na ilipofika Jumapili ya Ufufuko yakawa chakula cha kwanza cha furaha. Ganda linalopasuka likapewa maana ya kaburi lililofunguka, na rangi nyekundu, ambayo Waorthodoksi wanaipendelea hadi leo, ikawa alama ya damu ya Kristo.

Kabla ya kushika rangi, amua kama mayai yako ni ya kuliwa au ya kupamba. Yai lililochemshwa halifai kuliwa likikaa nje ya jokofu kwa zaidi ya saa mbili, na hata likihifadhiwa kwenye baridi ni vyema liliwe ndani ya wiki moja. Mtu anayeweka bakuli la mayai ya kuchemsha mezani tangu Ijumaa Kuu kisha akawapa watoto Jumapili anacheza na tumbo zao. Kwa hiyo ya kupamba yawe matupu, na ya kuliwa yakae kwenye jokofu hadi saa ya kuandaliwa.

Ili kutoa kilichomo ndani ya yai bila kulivunja, lioshe kwanza, kisha ulitoboe kwa sindano nene pande zote mbili, tundu la upande mpana likiwa kubwa kidogo. Ingiza sindano ndani na uzungushe mpaka kiini kipasuke. Sukuma hewa kwa bomba dogo la sindano isiyo na ncha au kwa kipira cha kufyonzea, maana kuweka mdomo kwenye ganda bichi ni kukaribisha vijidudu vya salmonela. Kinachotoka kipokelewe kwenye bakuli safi na kipikwe siku hiyohiyo mpaka kiive kabisa. Suuza ganda kwa kupitisha maji ndani mara mbili au tatu, kisha ulisimamishe kwenye trei ya mayai likauke kabisa, la sivyo litaanza kunuka wiki ya pili.

Rangi nzuri zinapatikana jikoni kwenyewe. Maganda makavu ya vitunguu kumi au kumi na viwili, yakichemshwa kwa moto mdogo katika lita moja ya maji kwa muda wa nusu saa, hutoa rangi inayoanzia ya chungwa hadi ya kutu nzito kadiri yai linavyokaa humo. Vijiko vitatu vya manjano ya unga hutoa njano kali. Bitiruti hutoa waridi kwenye ganda jeupe, ingawa mara nyingi huishia kuwa hafifu na haipendezi kama inavyoahidi sufuriani. La kushangaza zaidi ni kabichi la zambarau: maji yake huwa ya urujuani, na ukitia siki yanageuka waridi, lakini yai linalolala humo usiku kucha ndani ya jokofu hutoka likiwa la buluu. Kisa chake ni kwamba rangi ya kabichi hubadilika kulingana na asidi, na ganda, ambalo sehemu yake kubwa ni kalisi kaboneti, hupunguza makali ya asidi pale inapoligusa.

Kila rangi ichujwe, ipoe, kisha itiwe siki kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila kikombe. Siki hukwaruza uso wa ganda kidogo na kuifanya rangi ishike. Ikizidi, ganda huchubuka na kubaki na mabaka. Ganda tupu huelea, kwa hiyo likandamize kwa kisahani kidogo au uligeuze kila baada ya dakika chache. Mayai ya ganda la kahawia hayapaswi kudharauliwa, kwa kuwa katika maji ya vitunguu hupata wekundu ambao jeupe haliufikii.

Anayetaka nakshi achukue jani dogo la kotimiri au la kangaga lenye pindo zilizochanika. Lilowanishe, lilaze juu ya ganda na ulisawazishe kwa ncha ya kidole hadi kila kijipande kishike, kisha ulivalishe yai kipande cha soksi nyembamba ya nailoni na kukikaza nyuma kwa uzi mpaka jani lisiweze kusogea hata kidogo. Litumbukize kwenye rangi likiwa limefungwa hivyo. Baadaye kata uzi, menya nailoni taratibu na ung'oe jani kwa kucha: chini yake utakuta umbo lote, pamoja na kikonyo chake, likiwa jeupe juu ya rangi. Pale ambapo nailoni ililegea rangi itakuwa imepenya na kutia ukungu ukingoni, na wapo wanaoupenda ukungu huo kuliko mstari safi. Baada ya kukauka, tone moja la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa huyapa mayai mng'ao.

Njia nyingine ni ya nta: unachora kwa nta ya nyuki iliyoyeyushwa, unachovya katika rangi hafifu, unachora tena na kuchovya katika rangi nzito zaidi, na mwishoni unayeyusha nta yote karibu na mshumaa na kuipangusa. Sanaa hiyo ndiyo waliyoikamilisha Waukraine katika mayai yao yaitwayo pysanka, na mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika orodha yake ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Inahitaji mkono uliotulia na jioni isiyo na haraka, kwa hiyo isiwekwe katika mpango wa siku mbili za mwisho.

Hatua ya tano: matawi na majani

Tawi moja refu lenye mayai matupu yanayoning'inia hufanya kazi ya mapambo kumi madogo. Mcheri, mtufaha, forsithia (kichaka cha maua ya njano) na mwerebi wote wanafaa. Kata matawi yenye macho yaliyovimba, si yale membamba yaliyofumba kabisa, na uyakate kwa mshazari ili yanywe maji kwa wepesi. Yaweke kwenye maji ya vuguvugu katika chumba chenye baridi kidogo kwa siku chache, ndipo uyahamishie jikoni kwenye joto na mwanga. Badilisha maji kila siku ya pili au ya tatu. Joto la ghafla hukausha macho kabla hayajafunguka, na hilo ndilo linalowakatisha watu tamaa wakadhani walikata mti usiofaa.

Ili kutundika yai tupu, vunja njiti ya kibiriti katikati, funga uzi kwenye kiuno cha nusu moja, na uipenyeze njiti kwa urefu katika tundu la juu. Ukivuta uzi polepole, njiti hulala kingamo ndani ya ganda na kushikilia. Uzi wa kushonea unatosha, kwa sababu ganda tupu halina uzito wa kuogopwa.

Ngano ya kuotesha ndiyo pambo ninalolipendekeza kuliko mengine kwa jiko dogo. Loweka punje za ngano isiyotiwa dawa usiku mmoja, zimwage maji, kisha uzitandaze kwa msongamano juu ya udongo mwembamba au pamba yenye unyevu katika chombo kipana kisicho na kina. Funika kwa kitambaa chenye unyevu kwa siku mbili mpaka zichipue, halafu uziweke dirishani. Nyunyiza maji kila siku bila kuyaacha yatuame, maana ngano inayolala majini huota ukungu. Baada ya siku saba hadi kumi utakuwa na zulia la kijani la kutegesha mayai machache, na likirefuka mno unalipunguza kwa mkasi.

Hatua ya sita: maua ya kukata

Hapa jikoni pana hatari zake ambazo sebule haizijui. Matunda yanayoiva, hasa ndizi na matufaha, hutoa gesi ya etilini ambayo huharakisha kunyauka kwa maua, kwa hiyo bakuli la matunda na chombo cha maua visikae pamoja hata kama picha za majarida huvionyesha hivyo. Dafodili zilizokatwa hutoa ute unaodhuru maua mengine, na tulipu huathirika upesi. Ziache peke yake kwenye maji kwa saa 12 hadi 24, umwage maji hayo, na usizikate tena mashina kabla ya kuzichanganya na wenzake. Tulipu nazo huendelea kurefuka baada ya kukatwa na huinamia upande wa mwanga, basi zikate fupi kuliko unavyotaka na uzungushe chombo kila siku.

Ukipamba kwa matunguu ya dafodili au haiyasinti yaliyo wazi juu ya kokoto, yaweke mbali kabisa na kikapu cha vitunguu. Tunguu la dafodili linafanana na kitunguu na lina sumu inayosababisha kutapika, na la haiyasinti huwasha ngozi ya anayelishika. Familia yenye paka iachane na maua ya lili, yale meupe yenye umbo la tarumbeta yanayouzwa sana wakati wa Pasaka: jani, chavua, hata maji ya chombo chake, vinaweza kuua figo za paka.

Kwa mpangilio, chupa ndogo za kioo zenye ua moja moja, zikipangwa kwa mstari kwenye kizingiti cha dirisha, hupendeza kuliko shada moja kubwa linalozuia mwanga na kuangushwa na kila anayefungua bomba.

Hatua ya saba: dirisha, milango na meza

Dirisha lisiwe na zaidi ya vitu viwili: chupa za maua chini, na mayai matatu au matano yakining'inia juu kwa nyuzi za urefu tofauti. Kwenye milango ya makabati, shada dogo la duara lililosokotwa kwa vijiti vya mwerebi linaweza kushikiliwa na utepe uliopitishwa juu ya mlango na kubandikwa kwa ndani, ili usitoboe mbao. Juu ya makabati weka vitu vizito na vikavu, kama jagi la udongo au kikapu, na si karatasi wala nyasi kavu, kwa kuwa joto lote la jiko hupanda kukusanyika huko.

Mezani, pambo la katikati lisizidi kimo cha viganja viwili, ili wanaokaa wakitazamana waonane. Chombo cha ngano iliyoota, mayai matano ya rangi zinazokaribiana na kitambaa cha kitani kilichokunjwa chini yake vinatosha. Lihamishike kwa mkono mmoja wakati wa kuleta vyakula; lisilohamishika kwa urahisi litahamishwa kwa hasira.

Kuhusu moto hakuna mjadala. Chochote kinachoshika moto, yaani taulo za mapambo, tepe, nyasi, karatasi na mashada, kikae angalau mita moja kutoka kwenye jiko, na kisitundikwe chini ya feni ya kunyonya moshi. Mshumaa uwe na nafasi ya sentimita 30 pande zote, usiwekwe chini ya mayai yanayoning'inia wala karibu na pazia, na uzimwe mtu wa mwisho anapotoka jikoni. Taa ndogo za LED zinazotumia betri hufanya kazi hiyo bila wasiwasi, mradi zisifike kwenye majimaji ya sinki.

Hatua ya nane: kuondoa na kuhifadhi

Kwa hesabu ya Kanisa, Pasaka hudumu siku 50 hadi Pentekoste, kwa hiyo hakuna sababu ya kuvua kila kitu Jumatatu. Vitakavyotangulia kutoka ni maua yaliyonyauka na ngano, ambayo hupungua ubichi baada ya wiki mbili hivi na inaweza kwenda kwenye lundo la mboji. Mayai matupu yaliyopakwa rangi za mimea hupauka yakikaa juani, kwa hiyo yatolewe dirishani mapema, yafungwe moja moja kwa karatasi laini na kupangwa kwenye trei ya mayai ndani ya boksi gumu, mahali pakavu. Weka njiti na nyuzi zake zikiwa bado ndani yake. Kuzitoa ndiko kunakovunja ganda. Taulo na vitambaa vioshwe kabla ya kuhifadhiwa, kwani doa la mafuta lililosahauliwa kwa mwaka mzima hugeuka la manjano na halitoki tena.